Jina Chini ya Kikaratasi

Ninyi mlioingia kwenye chapa yetu ya vitabu baada yangu mmekuta mashine ya umeme na viti vyenye mgongo. Sawa, kalieni. Mimi nilikuta mashine ya kukanyaga kwa mguu, masanduku ya herufi za risasi yaliyojaa vumbi la volkano, na Muzee Kalisiti, mkuu wa wapanga herufi, aliyekuwa hapendi kuona mtu amekaa. Juzi mlininywesha chai ya kuniaga, mkaniuliza kazi ilikuwaje zamani, kisha mkaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Sasa najibu kwa maandishi, mkicheka nisisikie.

Sitaeleza nilipandishwa cheo mara ngapi. Watu wa Gisenyi wanajua, na asiyejua aulize. Wala msidhani nimestaafu kwa uzee. Ndevu zangu bado zinaotesha nyeupe kwa aibu. Ni macho tu yaliyotangulia, nami nikayafuata. Macho hayo yamesoma risasi ndogo kama mbegu za ulezi, yakazisoma kinyumenyume, bila miwani, kwa miaka ambayo baadhi yenu hamjaishi. Nataka mtu mwingine ajitokeze aseme hivyo.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wetu wa Waislamu. Shule ya mapadri niliionja kidogo, chuo cha Korani nikakaa zaidi, halafu baba akaniweka chini kushona vifungo. Niliingia chapa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa mtu mzima mwenye mke, kwa sababu moja: nilisikia wanatafuta mtu wa vidole vyepesi. Nikajipeleka mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenisindikiza.

Muzee Kalisiti alikuwa mkristo wa Rubona, baba yake mvuvi, yeye mwenyewe aliyaogopa maji. Hakuniuliza jina. Alichukua bakuli la herufi zilizochanganyika, akanimwagia mezani.

"Rudisha kila moja kwake."

Nikaanza. Kufika wakati wa alasiri, meza ilikuwa tupu. Akapita kwenye masanduku akitafuta kosa, akalikosa, akachukia.

"Nani alikufundisha kusoma nyuma-mbele?"

"Nimeanza na Korani, muzee. Kule tunatoka mukono wa kuume."

"Bon. Kumbe we umezoea kupotea njia tangu mutoto."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kalisiti alinifundisha kushika komposteri, kile kijisanduku cha chuma tunachopangia mistari, kwa mkono wa kushoto kama unavyoshika mtoto mchanga: si kwa nguvu, lakini asianguke. Alinifundisha kunawa kabla ya kula, kwa sababu risasi inaingia mwilini na haitoki. Alinifundisha kutotofautisha kazi. Tangazo la msiba, tiketi ya motoboti, kalenda ya mapadri, zote zilipangwa kwa adabu moja. "Mutu aliyekufa," alikuwa akisema, "hatarudi kusahihisha. Donc, basi, we ndiye."

Kifaransa nilikijua kwa vidole kabla sijakijua kwa masikio. Ningeweza kuwapangia kurasa nzima bila kosa, bila kujua kama nimepanga sala au matusi. Masikio yalikuja baadaye, polepole, na yalipofika nikaanza kusikia mambo ambayo vidole vilikuwa vimeyapitia tu.

Kazi kubwa ya chapa ile ilikuwa Jarida. Palikuwa na chama cha wazungu wasomi, wapenda ziwa na volkano, waliotoa Jarida lao mara mbili kwa mwaka: habari za samaki, mawe, mvua, nyuki. Katibu wao alikuwa Bwana Fabri, mtu wa forodha pale mpakani, Grande Barrière, mwembamba, mwoga wa kelele, aliyekusanya mende na kuwachoma sindano. Makala hayakuingia hivi hivi. Kwanza wasomaji watatu waliyapima: Daktari, Mhandisi, na Padri mmoja aliyefuga nyuki na kupanda pikipiki huku kanzu imefungwa kiunoni. Jina la Mhandisi sitaliandika. Limeshaandikwa vya kutosha.

Wasomaji hao hawakutaka kusoma mwandiko wa mkono. Kwa hiyo sisi tulipanga makala kwa risasi kwanza, tukatoa karatasi ya kujaribu, nayo ikazunguka kwa watatu hao ikirudi na maneno ya kalamu pembeni. Iliyokubaliwa tuliiweka rafuni kusubiri mashine. Iliyokataliwa tuliibomoa, herufi zikarudi sandukuni. Ndiyo maana mpanga herufi aliona kila kitu: sifa, dharau, na vijembe walivyopigana wao kwa wao kwa heshima kubwa.

Jambo jingine mjue. Majina ya waandishi hayakukaa ndani ya Jarida. Yalikaa kwenye jalada tu, kila jina mbele ya kichwa cha makala yake. Na kwa kuwa waandishi walikuwa wale wale, majina yao hatukuyabomoa kamwe. Tuliyafunga uzi, kila jina kitita chake, tukayapanga rafuni kama sabuni. Namba mpya ya Jarida ikija, unachukua Mhandisi, unachukua Daktari, unaweka. Mwanamke hakuwemo hata mmoja kwenye rafu ile. Wanawake walikuwa mwisho wa makala, kwa herufi ndogo kabisa: mwandishi anamshukuru mke wake kwa kuchora picha, anamshukuru dada yake kwa kuhesabu. Nilipanga shukrani hizo miaka mingi. Siku moja nikamwuliza Kalisiti, "Muzee, kama mama ndiye aliyehesabu, bwana alifanya nini?" Akasema, "Alishukuru."

Sasa wanawake wetu. Mimi ndiye niliyewaleta chapani, nani anabisha? Kukunja karatasi na kushona vitabu kulifanywa na wanaume wenye vidole kama mihogo, kurasa zikatoka zimepinda. Nikasema kwa mwenye chapa: nyumbani kwetu wapo wanaokunja nguo tangu wazaliwe. Nikamleta Zaina, mjane wa kaka yangu, pamoja na wenzake wa mtaani. Zaina hakujua kusoma hata herufi moja, lakini ukimpa rundo la karatasi alilipanga likawa kama limekatwa kwa kisu. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo.

Kazi moja ya wanawake hao ilikuwa visahihisho. Kosa likigunduliwa baada ya kuchapa, tulichapa kikaratasi chenye neno la haki, kikabandikwa juu ya kosa. Na Kalisiti aliwafundisha kama alivyofundishwa yeye: gundi inapakwa ukingo mmoja tu, mwembamba. Msomaji anainua, anaona tulichokosea, anashusha, anaona tulichorekebisha. "Chapa ya kweli haifichi," alisema. Walibandika hivyo siku zote na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa nimemfikia Mamzeli Wauters.

Alikuwa mwanamke wa kizungu, mrefu, wa umri wangu hivi, asiye na mume, aliyeletwa na chama kuchunguza mazuku. Ninyi watu wa hapa mnajua mazuku: ile hewa nzito isiyo na harufu inayolala kwenye mashimo ya mawe ya volkano asubuhi ya baridi. Mbuzi anashuka kula majani, anapiga magoti kama anayesali, hainuki. Mamzeli alikuwa anataka kujua mashimo hayo yako wapi, hewa inapanda saa ngapi, inashuka saa ngapi. Alitembea kwa miguu mpaka Bugeshi, akalala kwa wenyeji, akala viazi vyao. Alishuka mashimoni na taa ya mafuta kaifunga kwenye fimbo ndefu. Taa ikizimika, anarudi nyuma. Waliomwonyesha mashimo ni wanawake wanaokata majani ya ng'ombe, maana wao ndio wanaojua wapi pa kutokanyaga. Kiswahili chake alikipata huko, na kilikuwa kizuri kuliko cha Bwana Fabri, ambacho kilikuwa na maneno matatu: lete, haraka, asante.

Makala yake ya kwanza niliipanga mimi. Iliporudi kutoka kwa wasomaji, pembeni palikuwa na kalamu nyekundu ya Padri, palepale Mamzeli aliposema taa ilizimika kwenye kimo cha goti: *Nani aliona?* Ukurasa wa pili, kalamu ya Daktari: *Nani aliona?* Mhandisi yeye alipiga mstari tu, kama mtu aliyechoka.

Nikaibomoa. Lakini jambo lilinikera. Mimi nilikuwa nimepanga karatasi zao zote. Daktari aliandika juu ya homa ya mgonjwa aliyekuwa naye peke yake chumbani. Mhandisi alipima mawe juu ya mlima akiwa na wapagazi tu. Padri na nyuki zake ndiyo usiseme. Hakuna hata siku moja mtu alimwandikia mwanamume pembeni: nani aliona?

Mamzeli alikuja chapani mwenyewe, viatu vimejaa vumbi jeusi.

"Karibu, Mamzeli," nikasema. "Leo umeleta nini?"

"Naleta maneno ile ile, Ramazani. Wamerudisha."

"Wanasema je?"

"Wanataka mutu aliyeona."

Kalisiti akainua kichwa kutoka kwenye komposteri. "We si uko na macho mbili?"

"Niko nayo, Muzee. Inaonekana haitoshi."

Tukacheka, naye akacheka, lakini alikaa kwenye kiti cha Kalisiti bila kuombwa, na Kalisiti akamwacha. Hapo nikajua mambo ni mazito. Akatueleza. Chama kilikuwa na sheria: mchunguzi aliyeletwa kwa gharama yao lazima jina lake litokee kwenye jalada la Jarida kabla mwaka haujaisha. Lisipotokea, nyumba inarudishwa, anapandishwa ndege. Kwao kulikuwa na kaka mwenye duka la vitambaa, aliyekwisha kumwandalia chumba nyuma ya duka.

"Sasa mambo ya mazuku atafuata nani?" nikauliza.

"Mbuzi," akasema.

Akaandika upya. Safari hii alitia ndani majina ya walioona: wanawake wa Bugeshi, sita, mmoja mmoja, na siku aliyokwenda na kila mmoja. Nyirabagenzi, Mukandekezi, na wengine. Nilipanga majina yao kwa furaha, maana zile k na z, ambazo Kifaransa hakizitumii sana, zilikuwa zimelala sandukuni tangu kalenda ya mapadri. Karatasi ikaenda, ikarudi. Majina yote sita yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja. Pembeni Daktari aliandika kwa ustaarabu kwamba mashahidi hao hawawezi kuitwa mashahidi, ila kazi yenyewe inaonekana nzuri. Ikubaliwe, akipatikana mwanamume aliyeona, atie sahihi.

Bwana Fabri aliposoma neno "ikubaliwe" alifurahi, nadhani alikuwa anamhurumia Mamzeli. Na hapa lazima mjue desturi ya mashine yetu. Karatasi ya jalada ilitoka ng'ambo ya mpaka, nzito, ya rangi ya maziwa, na ilikuja mara moja tu kwa kila namba. Wino wa bluu ulipowekwa kwenye rola haukutolewa mpaka majalada yote yaishe, kwa sababu kuosha bluu ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo tulichapa jalada kabla ya kurasa za ndani. Fabri akasema, "Weka jina lake. Shahidi atapatikana."

Nikalipanga. Naweza kujisifu hapa bila mtu kunikatiza: halijawahi kupangwa jina zuri vile kwenye chapa yetu. Nilichukua herufi mpya kabisa ambazo hazijapigwa. Nikalifunga uzi, na tulipomaliza kuchapa nikaliweka rafuni, kati ya Daktari na Mhandisi. Kalisiti alipita, akaangalia, akasogeza Mhandisi kidogo ili lipate nafasi.

Shahidi alipatikana kweli. Mhandisi alijitolea. Alisema aliwahi kupita njia ile na gari, akamwona Mamzeli kwa mbali na fimbo yake. Lakini yeye, alisema, hatii sahihi chini ya mtu kama karani. Akitia sahihi, makala iwe kwa jina lake, na Mamzeli ashukuriwe mwisho. Daktari akaona sawa. Padri alikuwa safarini. Fabri, nimeshawaambia, alikuwa mwoga wa kelele.

Karatasi nyingine ya jalada haikuwepo. Basi Fabri akaja kuagiza kikaratasi: jina la Mhandisi, upana wa jina la Mamzeli, kibandikwe juu yake kwenye kila nakala. Alisema hivyo akiangalia mlango.

"Na Mamzeli ameambiwa?" Kalisiti akauliza.

"Ataambiwa," akasema Fabri.

Hakuambiwa. Alikuja mwenyewe siku wanawake walipokuwa wanabandika, amevaa gauni safi, kutazama jalada lake. Alisimama mlangoni akaona meza ndefu, Zaina na wenzake, bakuli la gundi, na vikaratasi vimepangwa kama kucha. Alichukua nakala moja. Alisoma jina la Mhandisi.

Zaina hakujua kusoma, lakini uso aliusoma.

"Mamzeli, hii karatasi inaziba nini?"

"Inaziba mimi, Mama Zaina."

"Weye?" Zaina akaacha brashi. "Shemeji Ramazani! Ni jina ya huyu ndiyo tunafunika tangu asubui?"

"Ni kazi, shemeji," nikasema. "Imeagizwa."

"Najua ni kazi. Nauliza ni jina ya huyu?"

"Ni lake."

"Yebabawe." Akageuka kwa Mamzeli. "Na utaenda?"

"Nitaenda. Bila jina hapa, sina nyumba."

Zaina akashika brashi tena, maana mwenye chapa alikuwa anapita. Akapaka ukingo mmoja, mwembamba, akabandika. Akapaka mwingine. Namna ile ile aliyofundishwa na Kalisiti, na aliyobandikia visahihisho vyote maishani mwake. Hakuna aliyemwambia afanye vingine. Mamzeli akaangalia mkono ule unavyokwenda, akainua kikaratasi cha nakala aliyoshika, akajiona chini yake, akakishusha. Akarudisha nakala mezani, akatoka.

Mimi nilitazama. Nikamtazama Kalisiti. Kalisiti alikuwa anatafuta kitu chini ya sanduku la herufi, na alikitafuta kwa muda mrefu sana kwa mtu asiyepoteza vitu.

Jumamosi chama kilikutana kwenye hoteli ya ufukoni. Nilibeba mzigo wa kwanza wa Jarida mwenyewe. Watu wa aina yetu hawakukaa mle ndani, lakini kusimama mlangoni na mzigo hakuna aliyekataza. Fabri aligawa nakala. Mamzeli alikuwepo, meza ya mwisho, pamoja na wake za wengine. Padri alikuwa amerudi safari, ndevu zake bado na vumbi la barabara.

Padri ndiye alianza. Aliona kikaratasi, akatia ukucha, akainua. Akasoma chini. Akashusha. Akainua tena. Jirani yake akamwona, naye akainua. Kufumba na kufumbua, ukumbi mzima ulikuwa unainua na kushusha, kama watu wanaochungulia sufuria kuona wali umefika wapi. Hakuna aliyesoma makala ya homa. Hakuna aliyesoma ya samaki. Wote walikuwa wanasoma jina moja.

"Fabri," Padri akaita, kwa sauti ile ya misa. "Nani ameandika hii?"

"Mhandisi amekubali kutia sahihi kama..."

"Sikuuliza aliyetia sahihi. Nauliza aliyeandika."

Fabri alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani atakimbia. "Mademoiselle Wauters," akasema.

Mhandisi akasimama. "Padri, wewe mwenyewe uliandika nani aliona. Kwa kalamu nyekundu. Mimi nimekusaidia kupata jibu."

"Ni kweli," Padri akasema. "Niliandika." Akavuta ndevu. "Nimeandika juu ya nyuki zangu tangu nimefika nchi hii. Mnajua nani mwingine aliziona? Hakuna. Mnaogopa kuumwa, hamji hata kunisalimia. Mmeniamini bure, miaka yote." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nashindwa kujua kwa nini huyu nilimnyima."

Daktari alikuwa anatazama ziwa kama ndiyo leo amesikia kuwa lipo. Ndipo Mamzeli akasema, bila kusimama, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Basi mniambie tu. Naenda au nabaki?"

"Mwenye jina kwenye jalada anabaki," Fabri akasema. "Ndiyo sheria."

"Jina lipi?" Mhandisi akauliza. "Yapo mawili."

Sasa nawaambia, mimi nilimdharau Fabri miaka mingi, mtu wa mende na sindano. Lakini nilimwona akichukua nakala yake, akashika kikaratasi kwa vidole viwili kama anavyoshika mende, akakivuta. Kikatoka na sauti ndogo. Akakiweka kwenye kisahani cha chai.

"Hili," akasema.

Mhandisi alitoka bila kofia, akairudia, akatoka tena. Namba iliyofuata hakuandika, nayo ilikuwa nyembamba kidogo, hakuna aliyeugua.

Jumatatu Fabri alituma watu: toeni vikaratasi vyote. Wanawake wakakaa siku nzima wakibandua walichobandika. Mimi nilipita mezani, nikaanza kuwaeleza wageni wa chapa kwamba ile gundi ya ukingo ndiyo iliyomwokoa Mamzeli, na kwamba sisi wa chapa ndio tulioigundua.

"Shemeji," Zaina akasema bila kuinua kichwa, "leo umekuwa fundi ya gundi?"

"Nimesema sisi, shemeji."

"Eh. Sisi. Lete basi mukono, kuna vikaratasi bado."

Nikambandulia viwili vitatu. Nilimwuliza kama alijua alichokuwa anafanya siku ile, mwenye chapa alipopita. Akasema yeye alibandika sahihisho kama anavyobandika sahihisho, na kama wazungu walitaka kufunika kabisa, wangeita mwashi. Mpaka leo sina jibu jingine, na mwenyewe aliondoka duniani bila kuliongeza.

Mamzeli alibaki. Si milele; baadaye aliondoka kama walivyoondoka wengi, lakini aliondoka kwa siku yake mwenyewe. Makala aliyoleta baada ya ile, kalamu ya Daktari iliuliza tena pembeni swali lile lile, maana mazoea hayaoni haya. Fabri alilikata kabla ya kutuletea, nasi tukapanga. Padri hakuuliza tena. Alimpa asali, na Mamzeli akaileta chapani, tukaila na mikate, Kalisiti akasema ni chungu.

Wale wanawake sita wa Bugeshi hawakurudi kwenye makala. Majina yao yalikatwa, na hata Fabri aliposhika ujasiri wake wa kibandiko, hakufika huko. Mamzeli aliuliza mara moja, akaambiwa kurasa za ndani zimekwisha kuchapwa, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimezichapa mimi, hata ile shukrani kwa Mamzeli mwishoni. Alipanda tena Bugeshi na nakala moja ya Jarida, na alituambia Nyirabagenzi aliligeuza kurasa zote, akauliza, "Mimi niko wapi?" Mamzeli alimwonyesha mahali palipokuwa pa majina, kati ya mistari miwili. Nyirabagenzi akaweka kidole pale, akasema, "Ni padogo." Kisha akampeleka kumwonyesha shimo jingine.

Nakala za namba ile zipo bado, moja moja, kwenye makabati ya watu. Ukiikuta, fungua dirisha upate mwanga. Gundi ya muhogo haibanduki yote. Pitisha kidole kushoto kwa jina la Mamzeli Wauters, utasikia mstari mwembamba, mkavu, unaokwaruza. Zaina alikuwa na nakala yake nyumbani, akiiweka juu ya kabati la vyombo, na mgeni akija alimshika mkono akamwelekeza kidole hapo. Alisema katika kitabu chote kile, hayo ndiyo maandishi pekee aliyoweza kuyasoma, kwa sababu aliyaandika yeye.